Mwepu Ilunga, beki aliyechekwa na dunia



Jumamosi moja wakati wa mapumziko niliwakuta wavulana wanne wa skuli yetu wamejikusanya kwenye simu moja nje ya darasa. Walikuwa wanacheka mpaka mmoja amekaa chini kabisa. Nikaomba na mimi nione. Ilikuwa video fupi ya zamani, rangi zake zimefifia. Brazil wamepata mpira wa adhabu. Wachezaji wao wamesimama wakishauriana nani apige. Refa anapuliza filimbi. Hapo hapo beki mmoja wa timu ya pili anachomoka kwenye ukuta, anakimbia mbio mpaka kwenye mpira na kuupiga yeye mwenyewe, ukaenda mbali huko. Wabrazil wanabaki midomo wazi. Refa anatoa kadi ya njano.

Sikuwagombeza, maana nilipoiona video ile mara ya kwanza, miaka mingi iliyopita, na mimi nilicheka. Lakini niliwaahidi kuwaandikia habari za yule beki, na ahadi ni deni.

Anaitwa Mwepu Ilunga. Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1949, wakati nchi yake bado ikiitwa Kongo ya Wabelgiji. Wewe utasema, mwalimu, sisi tuko Maskati, wazee wetu wametoka Unguja na Pemba, Kongo inatuhusu nini? Muulize rafiki yako unayekaa naye darasani. Katika skuli yetu wapo watoto ambao babu zao hawakuwahi kuiona Unguja. Walizaliwa Bujumbura, au Bukavu, au Kigali, na Kiswahili walichokuja nacho Oman ni cha huko. Na klabu aliyoichezea Mwepu ni ya Lubumbashi, mji mkubwa wa kusini mwa Kongo, ambao watu wake sokoni, kazini na uwanjani wanazungumza Kiswahili. Kwao watoto ni batoto na watu ni batu, lakini ukikaa nao siku mbili mnaelewana vizuri. Lugha ilifika maeneo yale kwa misafara ya biashara kutoka pwani, kisha ikashika mizizi katika migodi ya shaba, kwa sababu Wabelgiji waliwachukua wafanyakazi kutoka makabila mengi na ikabidi wawe na lugha moja.

Klabu yenyewe ilianzishwa na mapadri mwaka 1939. Baadaye ikaitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi ya magari iliyoidhamini. Mwaka 1966 ilimaliza msimu bila kufungwa, ndipo ikajiongezea maneno ya Kifaransa Tout Puissant, yaani mwenye nguvu zote. Ile TP unayoiona mbele ya jina la Mazembe ndiyo hiyo. Mwaka 1967 ilichukua Kombe la Klabu Bingwa Afrika, na 1968 ikalichukua tena. Mwepu wakati huo alikuwa kijana wa miaka 18 na 19. Kwa hivyo alikulia mpira katika mji uliozoea kushinda. Weka hilo akilini, utalihitaji tukifika Ujerumani.

Yeye alikuwa beki wa kulia, namba mbili mgongoni. Kama unacheza mpira jioni pale kwenye viwanja vya vumbi vya Al Khuwair au Seeb unajua beki ni nani. Ni yule ambaye hakuna mtoto anayetaka kuwa. Kila mtu anataka kufunga. Mshambuliaji akikosa mara tisa akafunga la kumi, anabebwa mabegani. Beki akizuia mara tisa akakosea la kumi, watu wanakwenda nyumbani wakimtaja yeye. Mwepu alichagua kazi hiyo, au kocha alimchagulia, na aliifanya vizuri mpaka akaingia timu ya taifa. Hakuwa peke yake kutoka klabu yake. Kipa Kazadi Mwamba alikuwa wa Mazembe, na beki wa kati Bwanga Tshimen pia, yule aliyetangazwa mchezaji bora wa Afrika mwaka 1973. Beki kuwa mchezaji bora wa bara zima! Hebu niambie ni mara ngapi umesikia hivyo.

Sasa lazima nikueleze kuhusu rais wao, maana bila yeye habari hii haieleweki. Mobutu alichukua madaraka mwaka 1965. Mwaka 1971 aliibadilisha nchi jina ikawa Zaire, na baada ya hapo akawaamuru wananchi waache majina ya Kizungu. Mwepu naye zamani alikuwa Joseph. Mobutu aliona kwamba mpira unaweza kuitangaza nchi yake kuliko mabalozi, akatoa fedha nyingi kwa timu ya taifa. Timu ikapewa jina la Chui, mnyama ambaye yeye mwenyewe alipenda kuvaa kofia ya ngozi yake. Akaletwa kocha kutoka Yugoslavia, Blagoje Vidinić, ambaye aliwahi kuipeleka Morocco Kombe la Dunia la mwaka 1970.

Na fedha zile zilizaa. Desemba 1973 Zaire waliifunga Morocco 3 kwa 0 mjini Kinshasa, wakapata nafasi ya kwenda Kombe la Dunia. Ilikuwa timu ya kwanza kabisa kutoka Afrika ya kusini mwa Sahara. Miezi mitatu baadaye, Machi 1974, walikwenda Misri kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Katika nusu fainali waliwatoa wenyeji Misri 3 kwa 2, kwao Misri, mbele ya watu wao. Fainali na Zambia ilikwisha 2 kwa 2, ikarudiwa siku mbili baadaye, na Zaire wakashinda 2 kwa 0. Magoli yote manne ya mechi hizo mbili aliyafunga mtu mmoja, Ndaye Mulamba, na katika mashindano yale alifunga 9 kwa jumla. Mwepu alikuwa katika ulinzi wa timu hiyo. Waliporudi nyumbani Mobutu aliwapa nyumba na magari. Fikiria wewe una miaka 24, umetoka kwenye mji wa migodi, na rais wa nchi anakukabidhi ufunguo wa nyumba.

Mwezi wa sita mwaka huo huo wakapanda ndege kwenda Ujerumani Magharibi. Kundi lao lilikuwa na Scotland, Yugoslavia na Brazil, mabingwa wa dunia wa wakati huo. Wachezaji wote wa Zaire walikuwa wa vilabu vya nyumbani, hakuna hata mmoja aliyekuwa anacheza Ulaya. Tarehe 14 Juni walicheza na Scotland mjini Dortmund wakafungwa 2 kwa 0. Si aibu. Waliotazama walisema hawa vijana wenye kichwa cha chui kifuani wanajua mpira.

Halafu mambo yakaharibika, na si uwanjani. Mwepu mwenyewe alieleza baadaye, alipokuwa mtu mzima, kwamba kabla ya mechi ya pili wachezaji waligundua fedha walizoahidiwa hawatazipata. Walikuwa wamesafiri na maafisa wengi kutoka nyumbani, na fedha ziliishia mikononi mwa hao. Wachezaji wakataka kugoma. Wakabembelezwa, mwisho wakaingia uwanjani, lakini miguu tu ndiyo iliyoingia. Mzazi, wewe uliyewahi kufanya kazi mwezi mzima kisha ukaambiwa mshahara haupo, sina haja ya kukufafanulia.

Tarehe 18 Juni Yugoslavia waliwafunga 9 kwa 0. Kufika mapumziko tayari yalikuwa 6. Kocha alimtoa kipa Kazadi mapema sana, yakiwa magoli 3, akamwingiza kipa mwingine, wala haikusaidia.

Katika mechi hiyo Mwepu alifanya kosa ambalo sitakuficha, kwa sababu naandika maisha ya mtu na si sifa tupu. Wachezaji wa Zaire walimzonga refa wakilalamikia goli, na katika vurugu ile mmoja wao akampiga refa teke kwa nyuma. Refa akageuka, akamtoa Ndaye kwa kadi nyekundu. Ndaye akalia kwamba si yeye, na kweli hakuwa yeye. Alikuwa Mwepu. Alikiri hivyo baadaye, lakini siku ile Ndaye, yule yule wa magoli 9, ndiye aliyetoka nje, na mashindano yakamwishia hapo. Refa hakuweza kuwatofautisha, na hilo linasema jambo juu ya refa pia. Hata hivyo teke lilikuwa la Mwepu, na angeweza kuinua mkono.

Habari za magoli 9 zilifika Kinshasa. Mobutu aliyetoa nyumba na magari sasa alikuwa mtu mwingine. Kwa maelezo ya Mwepu, walinzi wa rais walikuja hotelini, wakafunga milango waandishi wa habari wasiingie, wakawapa wachezaji ujumbe: wakifungwa na Brazil magoli 4, hakuna atakayerudi nyumbani.

Hebu tulia hapo kidogo, usikimbilie mbele. Mechi iliyobaki ni na Brazil. Na Brazil wenyewe walikuwa na shida yao: walitoka sare ya 0 kwa 0 na Yugoslavia, wakatoka 0 kwa 0 tena na Scotland. Mechi mbili, goli hakuna hata moja. Ili kuwapita Scotland kwa tofauti ya magoli walihitaji kuifunga Zaire mengi. Kwa hivyo Brazil hawakuja kucheza kwa kujifurahisha. Walikuja kutafuta magoli kwa nguvu zao zote, dhidi ya vijana walioambiwa kwamba goli la nne lina maana ya kutoona mama zao tena.

Siku ilikuwa tarehe 22 Juni 1974, mji ni Gelsenkirchen. Jairzinho alifunga la kwanza mapema, dakika ya 12. Baada ya hapo Zaire walizuia, wakazuia, wakafika mapumziko 1 kwa 0. Kipindi cha pili, dakika ya 66, Rivelino akafunga la pili kwa shuti kali. Dakika ya 79 Valdomiro akapiga mpira ambao kipa angeweza kuudaka, ukampita. La tatu. Zimebaki dakika 11.

Dakika ya 85 hivi, Brazil wakapata mpira wa adhabu. Unamjua Rivelino? Muulize babu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unaogopwa dunia nzima, hasa mpira ukiwa umetulia kama hivyo. Zaire wakapanga ukuta. Refa kutoka Romania akapuliza filimbi. Na Mwepu Ilunga, namba mbili, akachomoka.

Sheria unaijua, na mdogo wako anaijua: timu iliyofanya kosa hukaa mita 9 na kidogo mbali na mpira mpaka upigwe. Watangazaji wa Ulaya siku ile walisema kwamba Mwafrika huyu hajui sheria za mpira. Maneno hayo yakaenda, na kwa miaka mingi video ile ikawa inaonyeshwa kwenye televisheni kama kichekesho. Uingereza walifika mpaka kuliigiza tukio lile kwenye kipindi cha kuchekesha.

Sasa rudi kule mwanzo, nilikokuambia uweke jambo akilini. Huyu ni beki wa bingwa wa Afrika. Ametoka klabu iliyokuwa imekwisha kuchukua kombe la bara mara mbili. Mipira ya adhabu ameshasimama nayo kwenye ukuta mara zisizohesabika, Lubumbashi, Kinshasa, Cairo. Mtu kama huyo asijue sheria ambayo wewe wa darasa la nne unaijua?

Yeye alisema alifanya makusudi. Alisema aliijua sheria vizuri, lakini hakuona sababu ya kuendelea kujiumiza wakati watakaofaidika wamekaa jukwaani wanatazama. Alitaka refa amtoe nje. Refa akamwonea huruma, au hakuelewa, akampa kadi ya njano tu. Wengine wanaosimulia mechi ile husema alikuwa anapoteza wakati ili goli la nne lisije. Mimi sioni kwamba maelezo haya mawili yanagombana. Mtu anaweza kuwa na hasira na hofu kwa pamoja, katika kifua kimoja, na miguu ikaondoka kabla kichwa hakijaamua.

Nasema hivi kwa sababu kazi yangu ni uuguzi, na hofu naiona kila zamu. Nimemwona baba mzima, mtu wa ofisi, ameingia mapokezi ya dharura na mtoto mkononi, kiatu kimoja mguuni, akinisukuma nisimguse mtoto ambaye amemleta kwangu nimtibu. Ukimpiga picha dakika ile ukamwonyesha mtu asiyejua habari, atacheka. Picha haionyeshi kilichotokea nyumbani.

Rivelino alipiga mpira wake mwishowe. Haukuingia. Mechi ikaisha 3 kwa 0. Brazil wakapata walichohitaji, na Zaire nao, kwa namna yao, wakapata walichohitaji. Katika mashindano yote hawakufunga hata goli moja, wakafungwa 14. Walirudi nyumbani hai. Hapakuwa na mapokezi, wala fedha.

Mobutu hakuwajali tena. Akahamia kwenye michezo mingine: Oktoba mwaka huo huo Kinshasa ilipokea pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman, na dunia ikasahau Chui. Kikosi kile kilizeeka bila msaada. Ndaye Mulamba, ambaye rekodi yake ya magoli 9 katika mashindano mamoja ya Afrika imedumu miaka mingi, alipigwa risasi mguuni mwaka 1994 na watu wenye silaha, kisha akaenda kuishi Afrika ya Kusini maisha ya ukimbizi na dhiki. Mwaka 1998 zilienea habari za uongo kwamba amekufa, watu wakasimama kimya uwanjani kumwombea, naye yu hai, maskini. Alifariki mwaka 2019.

Mwepu alibaki Kongo. Waandishi wa habari walikuwa wakimfuata kila Kombe la Dunia lilipokaribia, wote na swali lile lile moja. Aliwaeleza kwamba wao vijana waliamini watarudi Afrika matajiri, na uzeeni alikuwa akisema bora angekuwa mkulima. Alikuwa na kinyongo na hakukificha. Hata hivyo sijasoma mahali alipojuta kuupiga mpira ule.

Alifariki Kinshasa tarehe 8 Mei 2015, baada ya kuugua muda mrefu, akiwa na miaka 65. Magazeti ya nchi nyingi yalimwandika, na mengi yalianza na ile video. Machache yaliandika kwamba alikuwa bingwa wa Afrika.

Klabu yake inaendelea. Wazazi wengine hapa mnakumbuka Desemba 2010, Mazembe walipokuja hapa jirani, Abu Dhabi, kwenye Kombe la Dunia la Klabu, wakawatoa Internacional ya Brazil kwa 2 kwa 0, wakawa Waafrika wa kwanza kufika fainali. Walifungwa na Inter ya Italia, lakini kipa wao Kidiaba aliyekuwa akiruka kwa makalio kila timu yake ikifunga aliwafurahisha hata waliokuwa hawajui Lubumbashi iko wapi. Na mwaka 2015, miezi michache tu baada ya Mwepu kufariki, Mazembe walichukua tena ubingwa wa Afrika, na safari hii mfungaji wao mkubwa alikuwa Mtanzania, Mbwana Samatta. Mjini kule hakuhitaji mkalimani.

Wavulana wangu wanne, Jumamosi ijayo njooni na simu ile ile. Tafuteni mechi yote, si kipande. Tutaanza dakika ya 79, Valdomiro anapofunga la tatu, na tutaiangalia saa mpaka filimbi ya mwisho. Na yeyote ambaye babu au bibi yake ameishi Bukavu au Bujumbura, amuulize ni nani alikuwa na redio mtaani kwao mwaka 1974, aje atusimulie.